Mama Aliomba Mudomo Imefungwa

Hapa kwa mtaa wetu wa Mtandire, kila bafle, ile spika kubwa ya kanisa, ikianza kukohoa Siku ya Mungu asubuhi, kabla pasta hajasema hata "alo, alo", mi nasikia kiganja ya mama juu ya mudomo yangu. Inanuka mafuta ya mashini ya kushona. Ngojeni niwaelezee.

Nilikulia Dzaleka, kwa kambi ya bakimbizi. Kanisa yetu ilikuwa ya matofali ya udongo na shitingi ya plastiki juu, na bantu bote baliomba pamoja, kila mutu na yake, kwa nguvu mpaka shitingi inapanda na kushuka kama tumbo ya mutu amelala. Mama Furaha, mukubwa wa bamama, oho! Yeye akiita "Baba!", kuku za wilaya yote ya Dowa zinaacha kutaga.

Mama yangu, fundi wa nguo, alikaa tu. Mikono juu ya mapaja, macho imefungwa, mudomo imefungwa. Hata kwetu nyumbani, mchana mashini ikinyamaza, alikaa vile kwa kiti, nsima, ugali yetu, inapoa, na batoto tulijua kutomusumbua.

Basi maneno ikaanza. "Mama Neema ameshikwa na pepo bubu." Neema njo mi. Mwishowe pasta akatuma neno: Siku ya Mungu inayokuja mama afungue mudomo mbele ya bote, ao atoke kwa kanisa. Nanyi mujue, hatukuwa na baba, hatukuwa na shangazi. Ile kanisa njo ilikuwa famille, ndugu zetu bote. Ukigonjwa, ni bale bamama. Ukifa, ni bale bamama.

Mi nikafanya mupango: nitapiga kelele ya bantu babili, labda Mungu na pasta batafikiri mama naye yumo.

Ile siku bakamuzunguka. Mikono kwa kichwa, mikono kwa mabega. "Toka, bubu, toka!" Mama Furaha akamutikisa kichwa kama chupa ya dawa. "Sema hata Amina, mama! Unaogopa nini?" Na mi pembeni, "Haleluya!", mpaka mishipa ya shingo ikawa kamba ya kufungia ng'ombe.

Mama akafungua macho. Akanivuta, akaweka kiganja kwa mudomo yangu, polepole. Nikanyamaza pale pale. Mwili yangu ilijua ile kiganja kuliko mi.

"Pasta," akasema, "kule Fizi, Congo, tukikimbia vita, huyu alikuwa mutoto wa kunyonya, iko kwa kifua yangu, anataka kulia. Bantu ya bunduki banapita karibu, nasikia mpaka pumuzi yao. Nikamufunga mudomo hivi. Na yangu nikafunga. Niliomba vile, na Mungu alisikia. Leo amekuwa kiziwi?"

Mupiga ngoma akaangusha fimbo. Mama Furaha, mara ya kwanza tangu Congo iumbwe, akaondoa mikono yake kwa kichwa ya mutu. Hakuna mutu alitufukuza.

Miaka na miaka nilielezea hii habari kwa kucheka. Nilifikiri ndani ya ile kimya kulikuwa mama na Mungu tu, mahali pazuri, penye kivuli. Sasa niko na batoto yangu, nauza sambusa mpaka City Centre, na nikirudi nakaa kwa kiti, mikono juu ya mapaja. Njo nikaelewa. Ndani ya ile kimya bale bantu ya bunduki nabo bako. Mama hakuwa anabakimbia. Kila mchana alikaa na Mungu, banangojea pamoja mpaka bapite.

Na mi niko na bale bangu ya kuogopa, bado banapita.