Msindikizaji wa Roketi

Mama yangu hana habari na roketi inayokwenda. Ukimwonesha ikipaa, na moto wake wote na moshi wake wote, atakutazama kama mtu anayesubiri tangazo la biashara liishe. Anachotaka ni kile kipande cha chini, kile kinachoisukuma roketi mpaka juu, kikaachana nayo, kikageuka na kurudi duniani peke yake, kikafungua miguu na kusimama wima. Hapo ndipo anapopiga makofi.

"Huyu ana adabu," husema. "Amemsindikiza mwenzake, sasa anarudi kwake."

Mara ya kwanza nilimwonesha mimi, likizo ya Juni, tumekaa kwenye benchi nje ya nyumba yake. Ni Chunya ndani kabisa, ukishaipita Makongolosi, kijiji cha wakulima wa tumbaku na wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mimi nafundisha fizikia Iringa, nimepanga Mlandege, na kama walimu wengi siwezi kuona kitu nikakiacha bila kukifundisha. Nikaanza: mafuta, kasi, mvutano wa dunia. Mama akanikata kauli.

"Yaani huyo wa chini anamtoa mgeni, halafu anarudi nyumbani?"

"Ndiyo, mama."

"Na zamani?"

Nikamwambia zamani kwa kawaida hakikuwa kikirudi. Kilianguka baharini kikaishia huko, na safari nyingine ikatengenezewa kingine kipya.

Akasonya. "Watu wazima na akili zao! Mtu anakusindikiza, wewe unamwacha azame?"

Nilicheka siku ile, lakini muhula ulipoanza nikajikuta nafundisha hivyohivyo. Darasa zima likaelewa kwa dakika chache jambo ambalo kitabu kilikuwa kimelizungusha kurasa kadhaa. Baadaye mkuu wa idara akaja mezani kwangu na karatasi ya mtihani mkononi, Kiingereza kitupu, na katikati yake neno "msindikizaji" limepigiwa mstari. Akauliza nani amewafundisha watoto hivi. Nikamjibu kwamba ni mama yangu, na sikumpa maelezo zaidi. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na siku hiyo nilikuwa nimeamka nazo.

Pale kijijini matunda ya roketi yalikuwa juu ya bati la duka la jirani yake mama. Kisahani cheupe, hakizidi ungo wa kupepetea mchele, kimelala chali kinatazama mbingu. Mwenye duka alikipata wapi hakuna aliyeuliza, na waliouliza hawakujibiwa. Nilimweleza mama jinsi mambo yalivyofuatana: kwa kuwa msindikizaji anarudi, safari za angani zimekuwa nafuu, kwa kuwa ni nafuu, wamepeleka setilaiti nyingi zinazotuzunguka hapo juu usiku na mchana, na hizo ndizo zinazoongea na kisahani cha jirani.

"Kwa hiyo nitakuwa nakuona uso, ukiwa Iringa, kwa sababu ya huyo?"

"Kwa sababu yake, mama."

"Ndaga," akaiambia simu. Kwao Rungwe ndiyo asante. Aliletwa Chunya akiwa mke kijana, na vumbi la miaka yote hii halijamtoa neno hilo mdomoni.

Kabla ya kisahani kulikuwa na kilima. Mtandao ulipatikana kule juu tu, kwenye jiwe moja bapa, na kila mwenye simu alipanda. Misiba ilitangaziwa pale. Wakwe walitukaniana pale, watu wote wakisikiliza na wengine wakichangia. Mama alipanda Jumapili baada ya ibada, amevaa kitenge chake kizuri kwa sababu anakwenda kuongea na mwanawe, na aliongea kwa kupiga kelele kana kwamba Iringa iko ng'ambo ya bonde. Nyuma yake nilisikia sauti: "Msalimie huyo mwalimu!" Kuna watu wa kijiji kile ninaowajua kwa sauti tu.

Sasa hapandi mtu. Vijana wamekaa wameegemea ukuta wa duka, kila mmoja na simu yake ya kupangusa, kimya. Sisemi zamani ilikuwa bora. Yupo mama mmoja aliyepata shida ya uzazi, na muuguzi wa zahanati akaelekezwa na daktari wa Mbeya kwa picha, hatua kwa hatua, na mtoto sasa anakimbia. Ila nakikumbuka kilima.

Na kuna jambo jingine lililoondoka na kilima. Enzi zile, maneno ya pale juu yalikuwa machache na ya haraka, hayakutosha kitu, kwa hiyo ilikuwa lazima niende. Kila likizo nilipanda basi, Makambako, kisha tambarare za Usangu, wauza mchele wa Rujewa wakigonga vioo, nalala Mbeya, asubuhi napanda mlima na kuteremka kwenye joto la Chunya. Kisahani kilipokuja, mama mwenyewe ndiye aliyenizuia. "Usijisumbue, mwanangu. Nauli hiyo kanunulie viatu. Si nakuona?" Alisema kwa upendo kabisa. Shuleni nako zikaanzishwa kambi za kitaaluma za watoto wa kidato cha nne, likizo zikaliwa. Desemba ikapita, Juni ikapita. Nilikuwa namwona kila jioni, na kila jioni hamu ya kumwona ilikuwa ileile. Nilikosa harufu ya moshi kwenye khanga yake. Nilikosa mkono wake, ule mkavu, unaponishika kiwiko tukivuka njia.

Kwetu mgeni haachwi mlangoni. Huko ni kumfukuza kwa upole. Enzi za basi mama alikuwa akinisindikiza mpaka kwenye kalavati, pale barabara inapovuka kijito ambacho miezi mingi ni mchanga tu. Njia ni moja: unatoka mlangoni, unapita dukani, unapita bani la jirani linalokaushiwa tumbaku, unateremka mpaka kwenye kalavati. Alibeba mfuko mmoja, hata uwe mwepesi kiasi gani, hakukubali kutembea mikono mitupu. Tukifika alinipa mfuko wangu, akasema, "Nenda. Mimi narudi," akageuka.

Sasa simu haina kalavati. Wiki ya kwanza ya kuonana kwa picha nilimuaga, nikabonyeza kitufe chekundu, basi. Kesho yake nikamkuta amenuna.

"Jana ulinitoka kama mwizi."

"Mama, simu ndivyo ilivyo."

"Ilivyo kwao. Haya, leo nitakusindikiza."

Na akanisindikiza. Akainuka na simu mkononi, akatoka. Niliona mbingu, kidevu, pindo la kitenge, kuku, halafu tena mbingu. Nilisikia pumzi yake na kandambili zake. Dukani akawaambia vijana, "Namsindikiza mwalimu," na wale vijana, kwa heshima zao zote, wakaipungia simu mikono. Tulipofika kwenye bani sura yake ikaganda, ikakatikakatika, ikapotea. Mtandao wa dukani ulikuwa unaishia hapo. Ikawa ndiyo kawaida yetu ya kila jioni, na mimi nikaamini kwamba picha ikikatika naye anageuka.

Mwenye duka ndiye aliyenifungua macho. Alinipigia akitaka nimsaidie mambo ya shule ya binti yake, na kabla ya kuaga akasema, "Mwalimu, ongea na mama. Kila jioni anakwenda na simu mpaka kalavati. Anasimama pale anaongea nayo, ndipo anarudi. Na simu yenyewe inakuwa ishakata kule kwenye bani, mimi si najua mtandao wangu? Mwambie asijichoshe."

Nilimwambia mama. Akakasirika kweli.

"Mtandao ndio ulioishia kwenye bani. Wewe uliishia hapo?"

"Hapana, mama."

"Basi niache."

"Sasa pale kwenye kalavati unaniambia nini?"

"Ungekuwepo ungesikia," akasema, akabadilisha mazungumzo, akaniuliza kama Iringa baridi imeanza.

Mwaka huu goti likamkataa. Sikuambiwa, niliona. Kwanza kandambili zilibadilika mlio, moja inagonga, nyingine inaburuta. Kisha nikasikia fimbo. Kisha ikawa tunachukua muda mrefu kufika dukani, na kwenye bani hatufiki, anasema leo jua kali, leo kuna matope. Mwisho akawa anaongea nami akiwa kitandani. Nikasema nakuja. Akakataa katakata, tena kwa ukali.

"Uje kufanya nini? Goti ni langu. Watoto wa watu wana mtihani, na wewe nakuona hapa, mashavu yote. Usije."

Nilizima simu nikiwa na uchungu wa mtoto aliyefungiwa mlango. Nilijua ananihurumia, lakini sikujua kama ananitaka. Ukimwona mtu kila siku anakwambia usije, mwisho unaanza kumwamini. Jirani zangu wa Mlandege wakanisalimia "kamwene" pale mlangoni, nikawajibu bila kuwaona.

Jioni iliyofuata tuliongea kama kawaida. Nilimwonesha msindikizaji mwingine akitua, safari hii kwenye jukwaa lililo katikati ya bahari. Hakupiga makofi. Akasema tu, "Amefika salama," kwa sauti ndogo. Nikadhani tumemaliza, nikaanza kuaga.

"Ngoja nikusindikize," akasema.

"Mama, goti."

"Nani amekwambia nasimama?"

Akailaza simu kifuani. Nikaona bati na boriti ya paa, vinapanda na kushuka na pumzi yake. Akaanza kutembea kwa maneno.

"Haya, tumetoka. Shika mfuko wako huo, mimi nibebe huu. Tunapita dukani. Wale wamekaa palepale, hawana kazi. Namsindikiza mwalimu, jamani. Haya. Tunapanda kidogo hapa, angalia hilo jiwe. Hili hapa bani, wamewasha leo, huo moshi. Pole, funika pua." Akapumua. "Hapa sasa ndipo unapoganda."

Sikuwa nimeganda. Mtandao ulikuwa umetulia kama maji ya mtungini, kwa sababu mama alikuwa palepale kitandani, hatua chache tu kutoka duka la jirani. Nilitaka kumwambia, "Mama, nipo." Sijui kilichonizuia. Simu ilikuwa inatazama paa, hakuwa ananiona. Nikakaa kimya, sikutikisika, kana kwamba kweli nimeganda.

"Tunateremka," akaendelea, peke yake sasa. "Maji yamepita leo, ya matope. Kalavati hii hapa."

Boriti ikapanda, ikashuka.

"Mwanangu, njoo," akasema. "Nimechoka kukuona hivi. Njoo nikushike. Wanasema yule anayesindikiza anarudi, na mimi narudi kila siku, nyumbani hakuna mtu. Njoo, ndaga, njoo."

Nilikuwa nimeziba mdomo wangu kwa kiganja. Nikazikumbuka zile jioni zote za nyuma, yeye amesimama juu ya kalavati na simu isiyo na picha, na mimi Iringa nikiwa nimeshaendelea kusahihisha madaftari.

"Haya. Nenda. Mimi narudi," akasema. Na akarudi. Sikukata simu, nilimngoja. Akapanda kutoka kijitoni, akapita bani, akapita dukani akiwalaumu vijana kwa uvivu wao, akafika mlangoni, akavua kandambili. "Nimefika," akasema, na kidole chake kikaja juu ya kioo, kikubwa, kikafunika paa lote.

Asubuhi niliomba ruhusa. Mkuu wa shule akaniuliza mgonjwa ni nani na anaumwa nini, nikamwambia ni mama, goti, na kwa namna nilivyolitamka hakuuliza tena. Makambako, Usangu, wauza mchele wa Rujewa wakigonga vioo. Nililala Mbeya bila kulala. Jioni aliponipigia nilimwambia mtandao wa Iringa leo unasumbua, tuongee sauti tu, na akaniambia tena, kwa ukali uleule, nisithubutu kuja.

Kesho yake nilimwomba kijana wa bodaboda anishushe kwenye kalavati. Chini yake hapakuwa na maji wala matope; mvua zilikuwa zimekata mapema, ni mchanga mkavu na nyayo za mbuzi. Alikuwa hajafika pale muda mrefu kuliko nilivyodhani. Nikatoa simu. Mtandao hamna. Nikasimama pale anaposimama yeye, nimeielekeza simu upande wa bani, duka na mlango wake, nikasema kwa sauti, "Mama, nimekuja."

Hakuna aliyesikia. Nikabeba mifuko yote miwili, wangu na ule anaopenda kunibebea, nikaanza kupanda.