Jini Asiyetoka kwa Kombe

Miaka ile ya themanini mdogo wangu alikuwa mhudumu katika hoteli moja ya ufuoni, kijana mtanashati, ukimwona utasema bwana harusi. Siku moja alirudi nyumbani kwetu Barani mchana, joto latutoa jasho sote, naye atetemeka kwa baridi. Miayo mfululizo, pua zachuruzika, mifupa yote yamuuma. Mara aketi, mara asimame, mara aende mlangoni. Mama alimtazama kidogo tu akakata shauri: mtoto kapigwa na jini huko ufuoni.

Basi akaitwa maalimu. Akaandika aya kwa zafarani ndani ya sahani, zikaoshwa kwa maji, na hilo kombe akanyweshwa asubuhi na jioni. Chumba kikatiwa komeo kwa nje, maana jini, walisema, hukimbia na mtu. Mimi nilikuwa kiguu na njia: jikoni, mlangoni pake, jikoni tena. Nilimsikia akigonga kichwa ukutani nikatamani kumkaba mtu koo, nisijue nani.

Baada ya siku kadhaa akatulia. Akaomba chai, akala mkate wa mofa, akacheka. Mama akapika biriani ya sadaka, majirani wakaja kula na kumsifu maalimu. Kwetu aliyepona kwa kombe hafichwi. Hutolewa akaonekane, akaswali Ijumaa na watu, wamshukuru Mungu pamoja. Nilipompelekea kanzu yake iliyopigwa pasi ndipo aliponishika mkono.

"Dada, mimi sina jini. Navuta unga. Mukinitoa leo, nitaurudia."

Akanieleza haraka haraka, macho mlangoni. Alionjeshwa na wenziwe kazini. Mwanzo ilikuwa raha, kisha raha ikaisha, akawa avuta ili asiumwe tu. Ile baridi na miayo ni mwili kuudai unga, na umetulia kwa kuwa alifungiwa akaukosa. Lakini roho yake, alisema, bado yautaka.

Nilimwendea mama mbio nikamwambia yote. Akaniamuru nifunge mdomo. Jini ni mtihani wa Mungu, alisema, bali unga ni fedheha, na nani atakayemwoza bintiye mvuta unga? Hasira zikanipanda. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Mdogo wangu akavishwa kanzu, akaenda, akapewa mikono na msikiti mzima. Hakurudi nyumbani.

Tulimpata asubuhi nyuma ya jengo lisilokwisha kujengwa, midomo imebadilika rangi, pumzi zaja kwa kusitasita. Tukambeba hadi hospitali. Benchi limejaa kina mama, wengine twajuana kwa majina. Tabibu akauliza amepatwa na nini. Nikafungua mdomo, mama akanibana mkono nikanyamaza. Wallahi nilidhani atasema jini, na kijana atufie pale pale. Tabibu akauliza tena: asipojua alichotumia, atamtibu nini?

Mama akaondoa buibui usoni.

"Mwanangu avuta unga," akasema, na kila mtu pale alimsikia. "Niliambiwa jana, nikamtoa nje kwa kuogopa watu. Mtibuni."

Wakamkimbiza ndani. Tukangoja. Sikuweza kukaa, nikasimama, nikakaa tena, hata tabibu alipotoka kutwambia kwamba kijana apumua vizuri. Akatufahamisha kwamba mwili uliokwisha kukaa bila unga hauwezi tena kipimo cha zamani, ndiyo sababu nusura afe. Tena akasema haya ni maradhi, yatataka muda, na asiachwe peke yake. Mama alikuwa akilia waziwazi, nami nikilia naye, hasira zote zimekwisha.

Kisha mama mmoja wa pale benchini, nisiyemjua, akasogea, akakaa karibu kabisa na mama yangu, akamwuliza kwa sauti ya chini:

"Na wangu, nimlete hapa hapa?"