Matabishi ya Kambo

Unga wa mahindi ukianza kushika unyevu hutoa harufu chachu, kama kinywaji cha munkoyo kilichosahauliwa chunguni. Niliijua harufu hiyo kabla sijajua kusoma, maana msimu mmoja wa mvua nilifuatana na Kambo, ndivyo tunavyomwita bibi huku Lubumbashi, hadi kwenye ghala la mgeni mmoja karibu na mtaa wa Hewa Bora. Malori yalikuwa yamekwama mpakani Kasumbalesa, na unga uliobaki mjini ulikuwa kwake. Wazungu waliingia kwa mlango wa mbele. Sisi weusi tulihudumiwa kwenye dirisha la upande wa choo, na gunia ulilosukumiwa ndilo lako, zima au bovu. Enzi za Wabelgiji mama yake Kambo alinunua nyama hivyohivyo. Akafa bila kuchagua hata kipande kimoja.

Wanasema mnyonge hana haki. Kambo alisema asiye na haki ni yule anayekubali bei ya kwanza. Akakusanya wachuuzi wenzake, wakawa kumi na wanane pamoja naye (nilihesabu mara mbili), wanunue kwa pamoja, akabishana mpaka mwenye ghala akafuta jasho. Bei ikakubaliwa. Sasa kwetu hapo muuzaji hutoa matabishi, nyongeza ya kufungia biashara. Asipotoa, hakuna kilichouzwa. Mgeni akatoa mche wa sabuni. Kambo akaurudisha.

"Matabishi yangu iko mulango."

"Ile mulango iko ya bakubwa."

"Niko na miaka makumi sita na bajukuu tisa. Nikuwe mukubwa mpaka wapi?"

Wanawake wakageuza mabeseni yao mbele ya mlango ule, wakayakalia. Haikuwa mchezo: zamani zile za chama kimoja, watu wachache wakisimama pamoja waliitwa waasi. Siku ya pili askari akaja.

"Bamama, kusimama hapa inakatazwa!"

"Mwana, unaona nani anasimama? Tunaikala."

Askari akaitafuta sheria ya kukaa, hakuiona, akaapa kurudi na lori la kutubeba. Nyumbani unga ulibaki wa bukari moja, ugali wa mlo mmoja tu. Nikamnong'oneza Kambo twende tu dirishani.

"Tukienda, bukari ya leo tutapata," akasema. "Ya kesho utaikulia wapi? Ku dirisha?"

Mvumilivu hula mbivu, ila unga ule ulipokwisha sisi tulikula mihogo mikavu. Siku ya tatu mvua ikanyesha kama iliyolipwa, paa la ghala likavuja, na ile harufu chachu ikatufikia nje. Mwenye ghala akatazama magunia, akatutazama sisi, akafungua mlango wa mbele. Tukaingia wima. Nikahesabu kumi na tisa, nikarudia, nikaona kwamba mara ya kwanza nilikuwa nimejisahau mwenyewe. Kambo akazamisha mkono kwenye gunia hadi kiwiko, akanusa, akakataa magunia mawili. Vigelegele vilivyopigwa humo ndani vilimleta yule askari mbio kutoka barabarani, bila lori.

Sisemi dunia imenyooka. Milango ya namna ile bado ipo, na kila nikiukuta mmoja naanza kubishana upya. Lakini juzi binti yangu aliingia duka kubwa la mjini, akabonyeza mikate, akakataa mmoja, akarudi amenuna: foleni ilikuwa ndefu. Nikamuuliza alipita mlango gani. Akanishangaa.

"Mama, mulango gani tena? Ule wa kuingilia."