Nailoni ya Friza ya Kijakazi

Mlio ulikatika adhuhuri. Kijakazi akabaki na pakiti ya juisi ya ukwaju mkononi, akisikiliza. Siku nyingine friza hutulia polepole. Leo ilisema "tk", ikanyamaza kama mtu aliyezibwa mdomo.

Akaugusa ubavu wa friza juu ya blanketi lililoifunika. Moto.

Kabla ya friza hii, alikuwa akidamka kwenda Feri, soko la samaki, kununua barafu, na ikifika jioni imegeuka maji. Barafu huisha siku ileile. Friza unainunua mara moja, nayo inakufanyia kazi miaka na miaka. Wachumi huita vitu vya namna hiyo bidhaa za kudumu. Kijakazi hakuhitaji jina. Alijua kwamba kwa sanduku lile jeupe wapagazi wa Kariakoo walikunywa cha baridi, muuza ukwaju alipata mteja, na Stella, jirani yake wa barazani, alihifadhi samaki wa kukaanga. Ikifa, wote wataanguka naye.

Ndiyo maana aliilinda mno. Nailoni ya dukani hakuibandua. Boksi aliliacha likiikumbatia hadi kiunoni, akazungushia blanketi, juu akatandika kitambaa cha kufuma. Mambo yakienda vibaya, aliwaza, nitaiuza kama mpya.

"Da Kija, samaki wangu wanalegea," Stella alisema.

"Funga mfuniko, baridi inatoka."

"Baridi gani? Humu mna joto kuliko Mtaa wa Msimbazi."

Stella akampigia simu fundi Awadhi. Wakati wakimngoja, Kijakazi alitazama ng'ambo ya mtaa, ambako muuza majokofu alikuwa amekaa tu mlangoni. Watu wakiogopa maisha, sukari hununua. Jokofu husema tutaona mwakani. Naye asipouza, mwenye guta hana mzigo, na kiwandani wanapunguza watu. Kijakazi mwenyewe hakuwa na ubavu wa kununua jingine.

Awadhi alifika, akasimama, akacheka.

"Nani kaivalisha blanketi? Ina homa?"

"Isichubuke, fundi."

"Joto lake linatokea hapa ubavuni. Umeiziba pumzi, mama. Vua vyote, tuivute kutoka ukutani, ipoe kwanza."

Blanketi na boksi vilitoka upesi. Kwenye nailoni, akakisimamisha kisu hewani.

"Nikichana, haiuziki tena kama mpya."

"Kwani uliinunua uiuze?" Stella akauliza.

Kijakazi akachana. Ncha ya kisu ikaacha mkwaruzo mrefu kwenye bati jeupe, naye akafumba macho kana kwamba amejikata mwenyewe.

Ilipopoa, Awadhi alichomeka waya. Kimya. Kimya tena. Kisha mngurumo mdogo ukaanza, wa chini, wa kusitasita.

"Imepona?" Kijakazi aliuliza.

"Inafanya kazi. Tuone itaamkaje kesho."

Kijakazi akavuta kigoda, akaketi kiganja kikiwa juu ya ule mkwaruzo. Kila bodaboda ilipopita na kuufunika mngurumo, alisimama, akalishusha shavu batini, akasikiliza.