Kibao na Kazi Nyingine

Juzi nilikuwa kwenye dirisha la vifurushi, stendi ya Songea. Mbele yangu dada mmoja mtafiti alikuwa akituma kibao cha kielektroniki, kipana kama kiganja, kiwahi maonyesho ya kesho Dodoma. Basi lilikuwa limeshawashwa.

"Ni kifaa cha nini?" karani akauliza, kalamu juu ya fomu.

"Hakina kazi moja. Ukikipanga upya kwa kompyuta, saketi zake za ndani zinabadilika. Jana kilipima unyevu wa mahindi. Leo kinasikiliza wadudu ghalani. Kesho, chochote."

Karani akaweka kalamu chini. "Dada, siwezi kuandika 'chochote'. Tukisimamishwa njiani, niseme nimepakia nini?"

Dereva akapiga honi. Dada akashika kichwa.

Nyuma yangu mama mmoja, mwalimu mstaafu wa Maposeni, akasogea na kukitazama kile kibao kwa huruma.

"Shikamoo, mama," karani akasema.

"Marahaba. Mbona hiki nakifahamu? Mimi niliajiriwa kufundisha hisabati. Nimesimamia uchaguzi, nimehesabu watu, nimekagua vyoo, nimepokea wageni kwa ngoma. Barua yangu ya ajira ilimalizia: 'na kazi nyingine utakazopangiwa'. Andika hivyo hivyo."

Karani akaandika: "Kifaa cha kazi nyingine kitakazopangiwa." Akagonga muhuri, basi likaondoka.

Mimi naona tofauti moja tu kati ya mwalimu na kile kibao. Kibao, kabla ya kupewa kazi mpya, kwanza kinapewa maelekezo.