Gari Lisiloruhusiwa Kulala

"Gari lenu limechuchumaa nyuma kama fisi," alisema mke wa mjomba, debe la maji kichwani, akacheka na kupita. Mimi sikucheka. Wakati ule kila neno lililosemwa juu ya Landrova ile nililichukua kana kwamba limesemwa juu ya mwili wangu.

Mjomba alilinunua gari hilo kwa mlowezi mmoja aliyekuwa akihama, akanikabidhi mimi niliendeshe. Hakuna aliyenifundisha ufundi. Nilifungua nati, nikazipanga juu ya gunia kwa jinsi zilivyotoka, nikazirudisha. Nilipokwisha kufunga, moyo haukutulia, nikafungua tena kuhakikisha. Ndiyo maana mjomba aliniita "fundi wa kufungua".

Kichwani mwangu nilikuwa na gari jingine kabisa. Lilikuwa na bamba chini ya injini la kuzuia mawe, ekzosi iliyopandishwa juu ili tuvuke mito wakati wa masika, na mahali imara pa kufungia debe la petroli. Kabla ya yote hayo zilikuja springi za nyuma, yale mabamba ya chuma yaliyopandana, ambayo yalikuwa yamechoka na kunyooka kwa kubeba kahawa. Nilitaka kuongeza bamba moja zito kila upande, nianze na ule wa kushoto uliokuwa na hali mbaya zaidi.

Lakini gari halikuwa na siku ya mapumziko. Siku za kazi lilishusha kahawa kutoka Iyula, na Jumapili liliwabeba wazee wa kanisa. Tena mwenye duka mmoja wa Tunduma alikuwa akilitaka, avushie bidhaa zake kwenda Rodesia, na mjomba alikuwa ameniambia waziwazi: "Siku gari likilala kwa sababu yako, nampa yule wa Tunduma." Nililielewa neno hilo. Gari likienda, mimi narudi shambani kushika jembe.

Kando ya barabara ya Tunduma palikuwa na lori bovu, nikamwomba mwenyewe bamba moja la springi. Lilikuwa refu na limenyooka mno. Nikalipeleka kwa mhunzi wa kijijini kwetu alikate na kulipinda, nami nilifunge Jumapili mchana, kati ya ibada na giza, bila gari kulala. Sikumkuta. Nikaliweka kwenye lundo la vyuma vya watu, nikachora juu yake kwa mkaa mpindo nilioutaka, kwa uangalifu sana. Nikaondoka nimeridhika. Nilichora kwa mkaa, mahali ambapo kila kitu kina mkaa.

Niliporudi, mhunzi, aliyekwisha kuambiwa na majirani chuma kile ni cha nani, alinipokea kwa furaha. "Kazi yako tayari, kijana." Akanipa majembe mawili.

"Mzee, chuma changu kiko wapi?"

"Si hicho umekishika?"

"Nilitaka springi ya gari!"

Akaniangalia kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Mvua hizo zinakuja, unaniletea chuma cha lori. Ulitaka nikufanyie nini, kijiko?"

Aliyekuwa akivuta mivukuto akadakia: "Tulia, fundi! Sasa gari litalima!"

Hata hasira sikuipata vizuri, maana kwetu mvua zikikaribia hakuna anayepeleka chuma cha lori kwa mhunzi akitaka kitu kingine. Nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa kusubiri mtu arudi nyumbani, niseme naye.

Njiani niliyatazama yale majembe mkononi, nikajiona tayari niko shambani. Ningeweza kunyamaza, niendeshe polepole, niombe Mungu. Nilijua nisingeweza. Kila shimo lingenipitia tumboni kabla ya kupita kwenye gurudumu. Nikamkuta mjomba uani, nikamwambia huku nikitazama chini:

"Mjomba, springi ya kushoto itavunjika tukiendelea kujaza hivi. Na chuma nilichokitegemea ndicho hiki."

Nikasubiri aitaje Tunduma. Yeye akachukua jembe moja, akaligonga kwa ukucha, akasikiliza.

"Jembe zuri hili. Likivunjika hilo dude lako, gari litalala?"

"Litalala."

"Na likibeba nusu?"

"Litakwenda."

"Basi libebe nusu, liende mara mbili. Mimi nilisema lisilale. Sikusema lishibe."

Tangu hapo gari likawa barabarani tangu asubuhi mpaka jioni. Yule mwenye duka alikuja kulitazama, akalishwa ugali na maharage, akangoja, akaondoka. Mimi nilikuwa Ruanda, kijiji cha huku kwetu. Akaja tena, na siku hiyo nilikuwa nimetumwa Mbangala. Akauliza kwa uchungu, "Kwani gari hili hukaa nyumbani lini?"

"Muulize fisi," mke wa mjomba akamjibu, "yeye hukaa nyumbani lini?"

Kahawa ilipokwisha tukasikia yule wa Tunduma amenunua gari jingine.

Ekzosi bado iko chini. Nimepata bamba jingine la springi, nililisimamia likipindwa mpaka mhunzi akanifukuza kwa koleo, na sasa limeegemea ukuta karibu na kitanda changu. Nalipaka mafuta lisipate kutu. Kulifunga bado. Gari halijapata nafasi, na kusema kweli, nalo bamba nadhani limepindwa kidogo kupita kiasi.