Boila langu la kuni lilitokota kila mchana, nikajua kuna mtu ananichezea

Wakuu, heshima kwenu. Anayetaka chai, yaani hadithi za kutunga, apite nyuzi nyingine, hapa naeleza yaliyonikuta kama yalivyo.

Mimi ni Mbembe wa Kongo, nimekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, sasa niko Marekani, nje kidogo ya Buffalo. Nyumba tuliyopanga inapata joto kwa boila la kuni. Limesimama uani kama kibanda cha bati. Unapakia magogo, feni inapuliza moto mpaka maji yapate joto kisha inazima, pampu inayasukuma kwenye mabomba hadi ndani.

Mke wangu alikuwa amejifungua, mama yake akaja kutoka Columbus kumlea mzazi.

Theluji magotini, kichanga wetu Neema ndani. Boila likifa, tumekwisha.

Basi likaanza vituko. Usiku linatulia. Asubuhi narudi kutoka shift ya warehouse, napakia kuni, nalala kwenye sofa sebuleni. Nikiamka mchana, maji yanatokota na mvuke unafoka juu. Feni imezima yenyewe, lakini moto bado unanguruma!

Wa kwanza kumshuku ni Elia, fundi aliyenifungia pampu. Nikasema huyu kanipiga, kaniwekea mtumba. Nikampigia simu.

"Pampu ikifa, nyumba inapoa," akasema. "Nyumba yako imepoa?"

"Hapana, ina joto."

"Bon, basi niache, kaka. Tafuta hewa inaingilia wapi kwenye moto."

Jibu la haraka hivyo likanizidishia wasiwasi. Mtu asiye na kosa anajibu upesi namna ile?

Nikakagua mwenyewe. Maji yamejaa, feni nzima, kipimajoto kinasoma sawa, mlango wa boila unaonekana umefungwa.

Kuchokoa majivu, nakuta maganda ya viazi vitamu!

Wakuu, mwili ulinisisimka. Nani anakula uani kwangu?

Nikamshuku jirani Mzungu wa ng'ambo ya barabara, yule anayenipungia mkono kupita kiasi. Nilipomweleza mke wangu akacheka, "Lala baba Neema, usingizi unakusumbua." Na yeye nikamtilia shaka kidogo, siwafichi.

Kesho yake nikalala sofani macho nimefumba, masikio wazi. Mlango wa nyuma ukalia. Nikavumilia, kisha kikohozi kikaniponyoka, nikatoka mbio.

Uani sioni mtu. Boila linafoka kama limepandwa na mashetani. Nikafungua mlango wake, miali ikanirukia. Nikawaza mtoto, nikawaza mabomba kupasuka, nikanyanyua ndoo ya maji nimwage humo humo motoni.

Mkono ukanidaka kiwiko.

"Acha! Mvuke utakubabua uso!"

Mama mkwe. Alikuwa amejibanza nyuma ya magogo.

Kwetu huo ni mwiko mzito. Mkwe na mama mkwe hawashikani, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anapinda. Tangu aje, salamu zetu zilipitia kwa mke wangu. Akaniachia haraka, akanigeuzia mgongo, akawa anaongea na magogo.

"Ni mimi. Mzazi anatamani viazi vya majivuni. Na jikoni ni mpaka nikupite wewe umelala pale sebuleni. Nitakupitaje?"

Kila akisikia nimekohoa, anausukuma mlango wa boila na kukimbia. Mlango ule bila kuinua kishikio na kuubana, unaonekana umefungwa kumbe hewa inapenya, na moto unawaka hata feni ikizima.

Nikatua ndoo, nikaubana. Mvuke ukapungua taratibu. Nilikaa kwenye theluji nikijipapasa uso, maana nusura uende.

Funzo: boila likizidi moto na nyumba ina joto, kagua mlango kabla ya kukagua watu. Usimwage maji kwenye moto ule. Elia, nisamehe kaka. Siku hizi nalala ghorofani.

Ila habari ilifika Columbus kabla viazi havijaiva. Wazee wa ukoo walioko huko wakapiga simu, wakali kweli. Aliyeanza kumshika mwenzake anatoa mbuzi, na anasemwa mbele ya ukoo mzima.

"Nani alianza?" wakauliza.

Mama mkwe alikuwa chumba cha pili, amempakata mtoto.

Nikawaambia ni mimi.

Nyinyi mngejibuje? Semeni, ila mwenye namba za wazee wa Columbus asiwasomee uzi huu.